Plazaola, Bidasoa, Urola au Trenico? Njia nne za treni ya zamani Ubaskini kwa mwenye baiskeli ya changarawe

Ukitazama ramani ya Gipuzkoa na kaskazini ya Navarra, mikoa ya kaskazini mwa Hispania, utaelewa kwa nini wageni wengi huacha baiskeli nyumbani. Milima yenyewe si mirefu sana, lakini imebanana kama abiria wa daladala ya jioni. Kila bonde ni jembamba na limejaa: mto, barabara kuu, kiwanda cha karatasi, mji wa ghorofa sita sita. Ukitoka bondeni unakutana na mlima mkali kiasi kwamba hata gari linalia. Ukibaki bondeni unapumuliwa mgongoni na malori.

Mahali patulivu pa kupita ni pamoja tu: juu ya matuta ya reli zilizokufa.

Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi miaka ya 1920 Wabaski walijenga reli nyembamba, upana wa mita moja, kila walipokuwa na chuma cha kuchimba au miji ya kuunganisha. Mita moja ndiyo upana wa reli yetu ya kale, ile ya Tanga kwenda Moshi, ya kati kwenda Kigoma, na ya Mombasa kwenda Kisumu kabla ya SGR. Mimi ni mtoto wa Korogwe. Nilipokanyaga tuta la Plazaola mara ya kwanza sikuhitaji kuelezwa ni kitu gani: kona zilezile zinazoubembeleza mlima, mtaro wa mawe upande wa juu, kalivati kila penye kijito. Reli nyembamba hukunja kona kali na handaki lake ni dogo, kwa hiyo hupenya mahali ambapo reli pana ingegeuza na kurudi. Lori lilipokuja likazimaliza moja baada ya nyingine: 1953, 1956, 1967, 1986. Vyuma vikang'olewa. Tangu 1993 Hispania ina mpango wa kuzigeuza njia hizo kuwa za miguu na baiskeli. Kihispania wanaziita vía verde, Kibaski bide berdea, zote maana yake njia ya kijani.

Faida kwa mwendesha baiskeli iko kwenye udhaifu wa injini ya treni. Haikuweza kupanda ukali, basi wahandisi walilazimika kuulaza mwinuko hadi asilimia mbili, mara chache tatu. Unapita katikati ya milima na miguu haina habari.

Nne nitakazozilinganisha nimezipita kwa miaka kadhaa, nyingine zaidi ya mara moja, mara nyingi nikiwa na shemeji yangu. Shemeji anapenda baiskeli ila hapendi kupanda, na hilo limenisaidia kuzipima kwa macho ya mtu wa kawaida. Kwa asiyeijua, baiskeli ya changarawe ina usukani uliopinda kama wa mbio za lami, lakini tairi zake ni pana, milimita 38 hadi 50, na fremu ina nafasi ya kupitisha tope. Ndizo zinazotumika kwenye Migration Gravel Race kule Maasai Mara, mbio zilizoanza 2021. Ila usije huku na mawazo ya Mara. Kule adui ni miiba, jua na mawe makavu. Huku adui ni jani bichi lililolala juu ya zege.

Plazaola, ya kwanza kwangu

Nianze na ninayoipenda ili ujue ninaegemea wapi.

Jina limetokana na machimbo ya chuma ya Plazaola, ndani kabisa ya bonde la Leitzaran. Mwanzoni treni ilibeba madini tu kuyashusha Andoain. Mwaka 1914 njia ikakamilika kati ya Pamplona na Donostia, ambayo kwa Kihispania ni San Sebastián, kilomita 84 zenye mahandaki zaidi ya 60. Mafuriko ya 1953 yakaivunja vibaya, na kwa kuwa mabasi na malori yalikuwa yameshachukua abiria na mizigo, haikufufuka.

Kipande cha kuendesha ni takriban kilomita 40, kutoka Lekunberri, mji ulio juu ya mita 500, kupitia Leitza hadi Andoain, chini ya mita 100. Maana yake ukianzia juu unateremka karibu siku nzima bila kushika breki kwa nguvu.

Ukitoka Lekunberri unapanda taratibu kwenye msitu, halafu unafika kwenye mdomo wa handaki la Uitzi. Ni kama kilomita 2.7, refu kuliko mahandaki yote ya njia za kijani za Hispania. Tulifika Julai, nje joto la kutoa jasho hata umekaa. Kabla hatujaliona tulilisikia kwa ngozi: baridi inatoka mlimani na kutambaa chini chini, kama mtu amefungua friji akasahau kuifunga. Ndani maji yanadondoka kutoka darini, na kwenye mwanga wa taa ya usukani kila tone linaonekana kama uzi. Sauti ya tairi hubadilika, unasikia hata mnyororo wako unavyolamba meno ya gia. Dakika ya tano shemeji akaniita kutoka nyuma, sauti imekuwa ya watu watatu kwa mwangwi.

"Shemeji, hili lina mwisho kweli?"

"Lina mwisho. Wewe usisimame tu."

Tulipotoka upande wa Leitza miwani ikaingia ukungu na tukakaa juani kama mijusi.

Ndani ya Uitzi kumewekwa taa, lakini beba yako, na iwe imechajiwa. Nilijifunza hilo kwenye handaki moja dogo huko chini Leitzaran, la mita mia na kitu tu, lenye kona katikati. Nilidharau. Taa yangu ilikuwa imebaki na chaji ya kukonyeza, na pale kwenye kona ikafa. Handaki fupi lenye kona ni giza kuliko refu lililonyooka, kwa sababu mwanga wa nyuma unakatika kabla wa mbele haujafika. Nilitembea nimeweka kiganja ukutani, ukuta umelowa, na mbele yangu kuna kitu kinapumua. Alikuwa kondoo. Walikuwa kondoo wengi tu, wa manyoya marefu wa huku, wamejificha jua. Walinipisha kwa dharau.

Baada ya Leitza ndiyo utamu wenyewe. Kilomita zaidi ya ishirini hakuna kijiji, duka wala kioski. Kuna mto, mialoni, miti mikubwa ambayo Wabaski wanaiita pago na ambayo Oktoba inageuka rangi ya shaba, magofu ya karakana za kufulia chuma kwa nguvu ya maji, na vituo vidogo vya umeme vya zamani. Barabara kuu ya A-15, iliyozua mzozo mkubwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, inapita huko juu kwenye mbavu za milima. Wewe huku chini mara nyingi husikii hata mlio wake.

Kasoro zake ni za kweli. Sakafu ni changarawe kwelikweli, na mvua ikinyesha siku mbili inakuwa tope na madimbwi yanayoficha mashimo. Siku za kazi unaweza kukutana na lori la magogo, kwani milima mingine imepandwa misonobari ya mbao, na lile ndilo gari pekee lenye haki pale kuliko wewe. Mtandao wa simu hukatikakatika. Ukipata pancha na huna tyubu, hakuna fundi chini ya mti.

Bidasoa: rahisi, yenye historia, na yenye kelele

Treni ya Bidasoa iliitwa Tren Txikito, yaani kitreni kidogo. Nayo ilianza kwa chuma, machimbo ya Endarlatsa, ikasogezwa hadi Elizondo mwaka 1916, na ikafungwa mwisho wa 1956. Leo njia inaanzia Behobia, ubavuni mwa Irun, inaufuata mto kwenda juu kupitia Bera, Lesaka na Sunbilla hadi Doneztebe na mbele kidogo, zaidi ya kilomita 40. Elizondo yenyewe haifiki, huko mwisho utaingia barabarani.

Ni tambarare kuliko zote. Doneztebe iko mita mia na kitu tu juu ya bahari, kwa hiyo hata mwenye baiskeli ya kukodi ya gia tatu anafika. Sakafu ni mchanganyiko: changarawe, halafu zege, halafu lami, halafu changarawe tena. Mwenye tairi za milimita 32 atapita bila taabu, na kwa mwenye tairi za 45 ni kama kwenda sokoni na lori tupu.

Mwanzo wake una kitu ambacho sijakiona kwingine. Mto Bidasoa hapo ndio mpaka wa Hispania na Ufaransa, na katikati ya maji kuna kisiwa kidogo chenye miti tu, Kisiwa cha Faisanes. Hapo ndipo Mkataba wa Pirenei ulitiwa saini mwaka 1659. Tangu zamani nchi mbili zinakimiliki kwa zamu, Hispania kuanzia Februari hadi Julai, Ufaransa kuanzia Agosti hadi Januari. Unakipita umekaa juu ya baiskeli, na usipoambiwa hutajua kama umepita kitu. Shemeji aliniuliza zamu ikibadilika nani anafagia majani. Sikuwa na jibu.

Sasa shida. Bonde hilohilo linapitisha barabara ya N-121-A, njia ya malori kati ya Irun na Pamplona. Wewe uko kwenye tuta lako, hakuna gari linalokugusa, lakini vipande vingi unasikia injini upande wa pili wa mto kutwa nzima. Kwa neno "bila magari" njia hii inapita mtihani. Kwa neno "kimya" inaanguka. Kama ulikuja kupumzisha masikio, haya ni maelezo ambayo vipeperushi huyaruka.

Inachokulipa ni vijiji. Kila kilomita nane au kumi una kijiji chenye nyumba kubwa za mawe, kibaraza cha maua mekundu, na baa yenye kahawa. Kwa mwenye watoto hilo linazidi msitu wowote. Mwishoni, Oieregi, kuna hifadhi ya Bertiz na bustani yake ya mimea ya kukaa saa mbili ukasahau kwamba miguu inauma.

Urola: treni pande zote mbili

Hii ni changa kwa umri. Mfalme Alfonso XIII aliizindua mwaka 1926, ikiwa ya umeme tangu siku ya kwanza, na ilibeba abiria hadi 1986, kwa hiyo wazee wa huku waliipanda kwenda shule. Inatoka Zumarraga milimani na kushuka na mto Urola kupitia Azkoitia, Azpeitia na Zestoa kuelekea Zumaia baharini, kama kilomita 35 kwa njia ya zamani.

Kipande bora ni cha juu, kutoka Zumarraga hadi Azkoitia. Bonde limekuwa korongo, na treni ilipita kwa kutoboa: handaki, daraja, handaki, daraja, mpaka unaacha kuhesabu. Njia nzima ilikuwa na mahandaki zaidi ya 20 na mengi yamejazana hapo. Lakini mpenda changarawe nimwambie mapema, sakafu ni ngumu na laini kwa sehemu kubwa, imetengenezwa kwa ajili ya watembea jioni na mabibi wenye vigari vya watoto. Tairi zako za bei zitaona haya.

Kuanzia Azkoitia mambo yanakuwa ya mjini. Unaingia kwenye bidegorri, njia nyekundu ya baiskeli, na unapita mbele ya Loiola, kanisa kubwa lenye kuba lililojengwa kuizunguka nyumba alimozaliwa Ignasi mwaka 1491, mwanzilishi wa Wajesuiti. Mwenzake wa kwanza kabisa kusafiri mbali alikuwa mtu wa Navarra, Fransisko Xavier, ambaye mwaka 1542 meli yake ilitia nanga Malindi akiwa njiani kwenda India. Wenyeji wa Malindi watakuonyesha kikanisa kidogo cha Wareno kando ya bahari kinachohusishwa naye. Nilipokuwa nakula ndizi kwenye ngazi za Loiola nilifikiria safari ile, nikaona baiskeli yangu haijafika popote.

Azpeitia kuna makumbusho ya reli ya Wabaski ndani ya stesheni ya zamani, na kwa siku maalumu treni ya mvuke inakwenda hadi Lasao na kurudi. Hapo reli haijang'olewa. Ukibahatika, treni inakupita karibu, moshi wote. Zestoa kuna Ekainberri, nakala ya pango la Ekain lenye farasi waliochorwa na watu wa kale. Pango la kweli liligunduliwa 1969 na wageni hawaingii, nakala ilifunguliwa 2008. Mimi si mtu wa nakala, lakini ile ilinikamata.

Nguvu ya Urola iko kwenye kurudi nyumbani, na hilo nitalieleza hapa chini, maana watu hulisahau mpaka saa kumi na moja jioni.

Trenico: siku mbili, anga pana

Reli ya Vasco-Navarro, ambayo watu waliipa jina la mapenzi Trenico, iliunganisha Estella na Vitoria-Gasteiz na kuendelea kaskazini hadi Bergara. Ilifika Estella mwaka 1927 na kufungwa siku ya mwisho ya 1967. Kipande cha Vitoria hadi Estella kinazidi kilomita 70, na ndicho kinachofaa kwa baiskeli ya mizigo midogo na kulala njiani.

Hapa nchi inabadilika kabisa. Uko upande wa pili wa milima inayokinga mvua ya bahari. Badala ya ukungu na kuvu kuna mashamba ya ngano, mialoni mifupi ya majani magumu, miamba myeupe, na mto Ega unaokata kona. Changarawe ni kavu, nyeupe, inalia chini ya tairi. Daraja la Arquijas, lenye matao marefu, ndilo picha ambayo kila mtu anaipiga, nami pia. Karibu na Acedo kuna handaki linalozidi kilomita moja. Stesheni zimepewa kazi mpya: ya Estella imekuwa kituo cha mabasi, ya Maeztu ni ofisi ya halmashauri, na Antoñana kuna mabehewa ya zamani yaliyogeuzwa kuwa kituo cha maelezo. Ukitaka kusimama pa kupumzika, pumzika Antoñana, kijiji kilichozungushiwa ukuta.

Pana kitu kimoja cha kujua kabla. Handaki la Laminoria, refu kuliko yote ya njia hiyo, limefungwa. Unalikwepa kwa kupanda mlima wa Gereñu, na mpando huo haukuwekwa na mhandisi wa reli. Ni mlima kamili. Shemeji alishuka akasukuma, akaniambia kwa utulivu kwamba nilimdanganya. Sikuwa na la kujitetea, kwa sababu nilikuwa najua.

Kurudi

Njia ya reli ya zamani ni uzi, haikurudishi ulikotoka. Swali la kwanza kwa hiyo ni utarudi na nini.

Urola ndiyo mshindi bila kubishana. Zumarraga iko kwenye njia ya treni za mjini za Renfe, shirika la reli la Hispania, zinazotoka Irun na Donostia, na huko chini, Arroa au Zumaia, unapanda Euskotren, treni ya Wabaski wenyewe, kurudi Donostia. Asubuhi treni inakupandisha mlimani, mchana unateremka, jioni treni nyingine inakuokota ufukweni. Hata mtu aliyechoka njiani ana pa kuishia.

Plazaola ina nusu ya bahati hiyo. Andoain iko kwenye njia ileile ya Renfe, lakini Leitza na Lekunberri hazina treni, na basi kukubali baiskeli ni jambo la kuuliza kabla, usilibahatishe. Ninachofanya mimi ni kushuka Andoain asubuhi, kupanda na Leitzaran hadi Leitza nikiwa na nguvu, kula, halafu kuteremka nilikotoka. Mpando ni wa reli, hausumbui, na kurudi ni zawadi. Unapata zaidi ya kilomita 50. Utalikosa Uitzi labda uongeze saa moja na nusu, na kama una miguu, ongeza.

Bidasoa unakwenda na kurudi kwa njia ileile, kwani ni tambarare na upepo ndio tofauti pekee. Irun ina treni za kila aina, na Hendaye ya Ufaransa iko ng'ambo ya daraja. Trenico unaanzia Vitoria kwenye treni na kumalizia Estella kwenye basi, au unalala na kurudi kwa baiskeli. Kwenye treni zote soma masharti ya saa za msongamano. Kuna saa baiskeli haziingii, na mlinzi hatakuonea huruma kwa sababu umechafuka.

Mvua, chakula, tairi

Upande wa Gipuzkoa hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na nyingi haziji kwa kishindo kama masika yetu. Ni manyunyu, wenyewe wanayaita txirimiri, yanayokulowesha bila wewe kukubali kwamba mvua inanyesha. Koti jepesi hata Agosti, na madigadi usione aibu nayo. Mei, Juni na Septemba ni miezi mizuri kwa njia tatu za kwanza. Oktoba kwa Plazaola ni ya rangi, lakini majani yanateleza kama sabuni kwenye madaraja. Trenico inakuruhusu hata Aprili au Novemba kama unavumilia baridi, ila Julai saa nane mchana usijaribu, kivuli ni kidogo.

Chakula ni rahisi kila mahali isipokuwa Leitzaran, ambako beba mkate na maji. Kwa asiyekula nguruwe, jihadhari: chorizo imejificha hata kwenye maharage. Omba tortilla, ambayo hapa ni mayai na viazi, ndugu kabisa wa chips mayai, kipande kinene na mkate. Baa hata ya kijiji kidogo inayo saa nne asubuhi.

Tairi: Plazaola milimita 40 au zaidi zenye meno kiasi, Trenico 40 bapa, Bidasoa na Urola 35 inatosha. Taa ya mbele na ya nyuma kwa zote. Kengele pia, kwani Jumapili unagawana njia na babu, mbwa, na mtoto anayejifunza, na kupaza sauti kwa mzee kutoka nyuma ni utovu wa adabu hata huku.

Basi uchukue ipi

Ukiwa na watoto au mtu asiyezoea, Bidasoa, vumilia mlio wa malori. Ukiwa na siku moja, huna gari, na unataka kuona vitu zaidi ya miti, Urola, ila usiniambie ni ya changarawe. Ukiwa na siku mbili na unachukia mvua, Trenico, na mwambie mwenzako kuhusu Gereñu mapema, usifanye kama mimi. Ukitaka kile kilichokufanya ununue baiskeli ya namna hii, yaani msitu, maji, giza na saa mbili bila kusikia injini, Plazaola, na wala sifikirii mara mbili.

Kuna mbili nyingine za kutaja tu. Arditurri, kutoka Pasaia kupitia Oiartzun, ni ya nusu siku, kama kilomita 12, inaishia kwenye machimbo ambayo Warumi walichimba madini yenye fedha, na unaingia ndani na kofia ngumu. Inafaa siku uliyochelewa kuamka. Na msitu wa Irati, kwenye Pirenei za Navarra, ni wa mtu aliyezichoka reli: barabara za msituni za changarawe, bwawa la Irabia, na milima ambayo hakuna injini ya mvuke iliyoilainisha.

Mwaka huu tunakwenda Plazaola tena, mwishoni mwa Septemba. Shemeji amekubali kwa masharti mawili: tuanzie Lekunberri ili ateremke, na taa ya mbele aibebe yeye.